Seva ya Masasisho Imegoma: Tuanzie Wapi?

Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa masasisho yake. Kwa saa za Afrika Mashariki huwa ni saa mbili usiku, au saa tatu Wamarekani wakisharudisha saa zao nyuma. Mombasa wakati huo maofisi yamefungwa, hakuna anayeona kitu. Simu huanza Jumatano asubuhi: "Fundi, kompyuta yangu inatafuta masasisho tangu nilipoingia, haimalizi." Ukipokea simu moja ya namna hiyo, maliza chai yako kwanza. Zikifika tano kabla ya saa nne, tatizo haliko kwenye kompyuta zao.

Nazungumzia WSUS, ile huduma ya Windows Server inayoshusha masasisho mara moja na kuyagawa ndani ya mtandao. Tuchukue mfano wa ofisi ya uwakala wa forodha: makao makuu Moi Avenue, tawi Changamwe, tawi jingine Likoni, kompyuta mia moja hivi, seva moja, na fundi mmoja ambaye ndiye huyohuyo anayebadilisha wino wa printa. Sasisho la mwezi likiwa na megabaiti 700, kompyuta mia zikilichukua kila moja kivyake ni gigabaiti 70 kupitia laini ya ofisi. Kupitia seva, ni megabaiti 700 basi. Ndiyo maana ikawekwa. Na kwa kuwa hufanya kazi kimyakimya, hakuna anayeifungua tena mpaka siku inayogoma.

Msimamo wangu niuseme mapema: mara nyingi seva hii haijaharibika, imevimbiwa. Kuifuta na kuisimika upya hutuliza mambo kwa muda, kisha maradhi yaleyale hurudi kwa sababu mlo haujabadilika.

Ni mmoja, ni tawi, au ni wote?

Usiguse kitu kabla hujajua nani anaumia. Kaa kwenye kompyuta moja inayolalamika, fungua PowerShell, uandike (weka jina la seva yako badala ya seva01):

`Test-NetConnection seva01 -Port 8530`

Poti 8530 ndiyo ya kawaida ya WSUS tangu Windows Server 2012. Ukitumia HTTPS ni 8531. Ikikubali, fungua kivinjari uende `http://seva01:8530/ClientWebService/client.asmx`. Ukurasa ukifunguka, huduma iko hai na shida iko kwenye kompyuta ile au kwenye sera inazopokea. Ukipata kosa la 503, yaani huduma haipatikani, imeanguka upande wa seva. Isipounganika kabisa, tazama waya, swichi, fayawoli, na kama ni tawini, ile njia ya kuunganisha tawi na makao makuu.

Namba za hitilafu zinazotokea kwenye kompyuta ya mtumiaji zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. 0x80244022 ni ile 503 kwa sura nyingine. 0x80072EE2 ni kwamba muda umekwisha bila jibu. Seva ipo lakini imelemewa, au laini ni nzito. 0x80072EFD, haikuweza kuunganika. 0x8024402C, jina la seva halikupatikana, kwa hivyo anza na DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani, au mipangilio ya proksi. 0x80244019 ni faili kutokuwepo mahali ilipotarajiwa. Ukitaka maelezo marefu zaidi kwenye Windows 10 au 11, amri ya `Get-WindowsUpdateLog` itakutengenezea faili la logi linalosomeka.

Wote wanalia, na dirisha la usimamizi linakatika

Hili ndilo kubwa. Dalili zake huja pamoja: unafungua dirisha la usimamizi la WSUS, linazunguka, kisha linatoa kosa la muunganisho na kukupa kitufe cha kuanza upya. Kompyuta za watumiaji zinapata 0x80244022. Ukiwasha seva upya inatulia saa moja au mbili, halafu yaleyale. Fundi mwenye haraka hapa huilaumu Windows, au intaneti, au hewa ya chumvi ya pwani.

Nenda IIS, ile huduma ya wavuti ya Windows Server ambayo WSUS hukaa juu yake, kwenye orodha ya madimbwi ya programu (Application Pools), utafute WsusPool. Ukiikuta imesimama, umeshapata chanzo cha karibu. Dimbwi hili limewekewa kikomo cha memori cha kilobaiti 1,843,200, yaani chini kidogo ya gigabaiti 2. Likivuka hapo, IIS hulizima na kulianzisha upya. Wakati linazimwa, kompyuta zilizokuwa katikati ya kuuliza hukatwa. Zinarudi kuuliza tangu mwanzo, zote kwa pamoja, na dimbwi linavuka kikomo tena. Likianguka mara nyingi ndani ya dakika chache, IIS huliacha limezimwa mpaka mtu aliwashe kwa mkono.

Mipangilio ya kubadilisha kwenye WsusPool ni hii: kikomo cha memori binafsi kiwe 0, maana yake hakuna kikomo, urefu wa foleni utoke 1000 uwe 2000, muda wa kukaa bila kazi uwe 0, muda wa kujianzisha upya kila baada ya saa kadhaa uwe 0, na ukaguzi wa afya wa dimbwi uzimwe. Kisha lianzishe upya.

Ila usiondoe kikomo kwenye seva yenye gigabaiti 4 za memori ukadhani umemaliza kazi. Dimbwi litakula, hifadhidata itakula, na Windows yenyewe itabaki inapumua kwa shida. Kwa ofisi kama ya mfano wetu, mimi sishuki chini ya gigabaiti 8, na 16 ndiyo starehe. Kama bosi anasita kununua memori, weka kikomo cha gigabaiti 4 na uende moja kwa moja kwenye usafi, kwa sababu memori ni dalili tu. Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini kazi ya kujibu kompyuta mia ihitaji memori yote hiyo? Jibu liko kwenye hifadhidata.

Kusafisha SUSDB

Kila sasisho lililowahi kusawazishwa, yaani kuvutwa kutoka Microsoft hadi kwenye orodha ya seva, limeacha maelezo yake ndani ya hifadhidata ya SUSDB. Sasisho jipya likichukua nafasi ya la zamani, la zamani haliondoki lenyewe. Linakaa hapo, na kompyuta ikija kuuliza "nahitaji nini?", seva inalipitia pamoja na mengine yote. Baada ya miaka miwili mitatu bila usafi, kila swali ni kupekua ghala zima. Ukijumlisha aliyeweka tiki kwenye kila bidhaa ya Microsoft pamoja na madereva (drivers, programu za kuendesha vifaa), unapata seva inayohema.

Mpangilio wa kazi una maana, usiurukeruke. Kwanza simamisha usawazishaji wa ratiba. Usafi na usawazishaji havifanyiki kwa wakati mmoja. Pili, tengeneza nakala rudufu ya hifadhidata. Ikiwa unatumia ile hifadhidata ya ndani ya Windows, faili la SUSDB.mdf liko `C:\Windows\WID\Data`, na unaingia kwa amri hii, ukiwa umefungua dirisha la amri kama msimamizi:

`sqlcmd -S \\.\pipe\MICROSOFT##WID\tsql\query -E`

Tatu, ongeza faharasa mbili ambazo WSUS haiji nazo. Hizi ndizo zinazobadilisha usafi wa siku nzima kuwa wa saa chache:

`USE SUSDB`
`GO`
`CREATE NONCLUSTERED INDEX nclLocalizedPropertyID ON tbLocalizedPropertyForRevision (LocalizedPropertyID)`
`CREATE NONCLUSTERED INDEX nclSupercededUpdateID ON tbRevisionSupersedesUpdate (SupersededUpdateID)`
`GO`

Faharasa hizi huongezwa mara moja tu. Baada yake panga upya faharasa zote za hifadhidata. Microsoft wameichapisha hati ya SQL ya kazi hiyo, na hiyo ni ya kurudiwa kila mwezi.

Nne, yakatae (Decline) masasisho yaliyopitwa. Hapa tumia busara. Usikatae sasisho la mwezi uliopita siku ileile jipya linapotoka. Jipya likileta balaa kwenye programu ya uhasibu utatamani la zamani liwepo. Acha siku thelathini hivi. Na kabla ya kukataa bidhaa nzima, uliza kwanza nini kiko mezani kwa watu. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini maofisi mengi bado yanazo, na baadhi wamelipia nyongeza ya masasisho ya usalama.

Tano ndiyo usafi wenyewe:

`Get-WsusServer | Invoke-WsusServerCleanup -CleanupObsoleteUpdates -CleanupUnneededContentFiles -CompressUpdates -CleanupObsoleteComputers`

Mara ya kwanza inaweza kukatika kwa muda kuisha. Usiogope, kilichofutwa kimefutwa. Irudishe iendelee pale ilipoachia. Ikikatika kila mara bila kusogea, ingia kwenye hifadhidata, uite `exec spGetObsoleteUpdatesToCleanup` upate orodha ya namba, kisha uzifute moja moja kwa `exec spDeleteUpdate @localUpdateID=` ukifuatisha namba. Ni kazi ya kuchosha. Ianzishe Ijumaa jioni watu wakishatoka, uiache iende wikendi.

Kama tawi la Changamwe lina seva yake inayopokea kutoka ya Moi Avenue, kuna utaratibu wa pande mbili. Kukataa masasisho kunaanzia juu, seva kuu, kisha chini. Kufuta kunaanzia chini, seva ya tawi, kisha juu. Ukivuruga mpangilio huo, seva mbili zinaanza kutofautiana na usawazishaji kati yao unaanza kushindwa.

Kuna hitilafu nyingine inayotisha watu: 0x80244010. Kompyuta imezunguka na seva mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa kwa ukaguzi mmoja, ikakata tamaa. Hutokea sana kwa kompyuta mpya au iliyofutiwa kumbukumbu zake. Mara nyingi ukirudia ukaguzi mara mbili tatu inamalizia, kwa sababu kila mara inaendelea ilipofika. Seva ikiwa safi hitilafu hii hupungua yenyewe.

Sasa, onyo kuhusu dawa inayopendwa na kila fundi: kusimamisha huduma, kubadilisha jina la folda ya `C:\Windows\SoftwareDistribution`, na kuwasha tena. Kwa kompyuta moja iliyoharibikiwa ni dawa nzuri. Lakini kompyuta iliyofutiwa folda hiyo inalazimika kuuliza kila kitu upya tangu mwanzo. Ukiwafanyia wote mia kwa hati moja ya PowerShell huku seva tayari inahema, umeimalizia.

Kompyuta haionekani kwenye orodha

Kwanza sera. Kwenye rejista, chini ya `HKLM\Software\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate`, tazama WUServer na WUStatusServer. Zote mbili ziwe na anwani kamili ikiwa na poti, `http://seva01:8530`. Kosa la kusahau poti bado lipo sana: mtu anaandika `http://seva01` peke yake, kompyuta inakwenda poti 80, haipati kitu. Kisha ndani ya ufunguo mdogo wa AU ulio hapohapo, UseWUServer iwe 1. Kama hazipo kabisa, sera ya kikundi haijafika. Endesha `gpresult /r` uone kompyuta hiyo imewekwa kwenye kitengo gani.

Pili ni mapacha. Ukinunua kompyuta kumi, ukaisimika moja na kunakili diski yake kwa tisa zilizobaki bila kuandaa nakala vizuri, zote zinabeba SusClientId moja, yaani kitambulisho kimoja mbele ya seva. Kwenye orodha ya WSUS unaona kompyuta moja tu, na jina lake linabadilika kila ukitazama: leo ya mapokezi, kesho ya mhasibu. Dawa, kwenye kila pacha:

`net stop wuauserv`
`reg delete HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate /v SusClientId /f`
`reg delete HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate /v SusClientIdValidation /f`
`net start wuauserv`
`wuauclt /resetauthorization`

Kisha anzisha ukaguzi. Kwenye Windows 10 na 11 ile `wuauclt /detectnow` ya zamani haikusaidii tena. Tumia `UsoClient StartScan` au ubonyeze ukaguzi kwenye ukurasa wa mipangilio. Yote haya yanaweza kufanywa kwa mbali. Kuvuka feri kwenda Likoni kwa ajili ya kompyuta moja ni kazi ya kukwepa.

Na subira kidogo: kompyuta kwa kawaida huuliza seva kila baada ya saa 22 hivi. Uliyoibadilisha sera saa tano si lazima uione kwenye orodha kabla ya adhuhuri.

Seva ipo, lakini intaneti bado inaliwa

Dalili: umeweka seva, umeidhinisha masasisho, lakini ruta inaonyesha kompyuta zinashusha kutoka Microsoft moja kwa moja. Mara nyingi mtu aliweka sera mbili zinazogongana. Kompyuta imeelekezwa WSUS, na wakati huohuo imewekewa sera ya kuchelewesha masasisho ya Windows kwa siku kadhaa. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mchanganyiko huo unaweza kuifanya kompyuta imuulize Microsoft badala ya seva yako. Ondoa sera za kuchelewesha, kwa kuwa ucheleweshaji unaufanya wewe kwa kuidhinisha. Kwenye matoleo mapya kuna sera ya kutaja kila aina ya sasisho litoke wapi, itumie.

Seva yenyewe haipokei kutoka nje

Ikiwa seva ni ya zamani na haijaguswa, tazama anwani inayosawazisha nayo. Ile ya zamani ya fe2.update.microsoft.com ilishastaafishwa; inatakiwa iwe sws.update.microsoft.com, na hiyo inadai TLS 1.2, toleo la usimbaji wa mawasiliano. Seva za Windows Server 2012 zinahitaji kufundishwa TLS 1.2 kupitia rejista kabla ya kukubali.

Orodha ya masasisho ikifika lakini mafaili hayafiki, fungua logi ya matukio utafute namba 364. Mara nyingi proksi ya ofisi haikubali kutoa faili kwa vipandevipande, na huduma ya ushushaji ya nyumanyuma (BITS) haijui njia nyingine. Ama uruhusu maombi hayo kwenye proksi, ama ndani ya SUSDB uandike `update tbConfigurationC set BitsDownloadPriorityForeground=1` na uanzishe huduma upya. Ya pili inatatua haraka, ila itabana laini mchana. Ipangie ratiba ya usiku.

Na wakati mwingine kosa haliko kwako wala kwa proksi. Mombasa ndipo nyaya za chini ya bahari zinapotia nanga, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na EASSy mwaka uliofuata, lakini kutia nanga hapa hakuzuii waya kukatika kwingine. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Afrika, na tarehe 14 Mei ndiyo ilikuwa Jumanne ya masasisho. Siku kama hizo punguza orodha ya ushushaji iwe ya usalama tu, uiache seva ijaribu usiku. Kubadilisha mipangilio wakati laini yenyewe ni mbovu kunakuachia matatizo mawili badala ya moja.

Stima ikirudi

UPS iliyochoka huzima seva katikati ya kuandika. Stima ikirudi hakikisha huduma tatu zimeamka: hifadhidata ya ndani (`MSSQL$MICROSOFT##WID`), `W3SVC` na `WsusService`. Hifadhidata ikichelewa kuamka, WsusService inaanguka na kubaki chini, kwa hivyo iwashe kwa mkono. Halafu, ndani ya `C:\Program Files\Update Services\Tools`, endesha `wsusutil checkhealth` na utazame logi ya matukio. Namba 10000 ni heri, zile za 12002 hadi 12052 zinasema kuna huduma ya wavuti isiyofanya kazi. Ukiona tarehe imerudi nyuma miaka, badilisha betri ndogo ya ubao mama, maana vyeti vya HTTPS vitakataliwa vyote.

Diski imejaa

Usifute chochote kwa mkono ndani ya WsusContent, folda ya mafaili ya masasisho. Hifadhidata itaendelea kuamini faili lipo, na kompyuta zitapata 0x80244019. Ikiwa umeshafuta, `wsusutil reset` italinganisha kila faili na hifadhidata na kushusha yanayokosekana. Inachukua muda mrefu na inakula intaneti, basi ianzishe usiku. Kinga ni rahisi: lugha ya Kiingereza pekee, bidhaa mlizonazo tu, madereva yasisawazishwe, na ule mtindo wa mafaili ya haraka (express installation files) uzimwe kwa sababu hujaza diski ya seva mara kadhaa zaidi.

Poti 8530 isionekane nje

Kama ruta yenu inapitisha 8530 au 8531 kutoka intaneti ili wafanyakazi wa nyumbani wapate masasisho, ifunge leo, muunganishe kwa VPN. Oktoba 2025 lilitokea pengo la usalama la CVE-2025-59287, linalomruhusu mtu aliye mbali kuendesha amri zake kwenye seva ya WSUS bila nywila, na lilianza kutumiwa na wavamizi. Microsoft walitoa kiraka cha dharura tarehe 23 Oktoba, nje ya ratiba ya Jumanne. Hakikisha seva ya masasisho yenyewe imesasishwa; inachekesha, lakini mara nyingi ndiyo ya mwisho kukumbukwa.

Kuna wanaouliza kama bado inafaa kujisumbua nayo, kwa kuwa Microsoft walitangaza Septemba 2024 kwamba hawataiendeleza tena. Hawataongeza mapya, lakini imo ndani ya Windows Server 2025 na inaendelea kupata viraka. Kwa ofisi yenye laini moja na matawi mawili, mimi bado naiweka.

Kiraka hicho cha Oktoba kilikuja na usumbufu mmoja: dirisha la usimamizi liliacha kuonyesha maelezo ya usawazishaji ulioshindwa. Ukikuta pametupu, usifikiri seva imeharibika. Fungua `C:\Program Files\Update Services\LogFiles\SoftwareDistribution.log`, ushuke hadi chini kabisa, na utafute sababu humo.